Rivyu ya Youthpass: karatasi nyota mbili, mazungumzo nyota nne na nusu

Naandika hii kwa wale mnaopeleka vijana kwenye safari za kubadilishana za Erasmus+ (programu ya Umoja wa Ulaya ya elimu na vijana), au mnaotaka kwenda wenyewe, maana kila msimu naulizwa swali lilelile, hivi ile Youthpass ni cheti cha maana au karatasi ya kupigia picha tu? Jibu langu: inategemea mmeanza kuishughulikia lini. Mkianza siku ya kwanza, sijaona kitu kingine kinachosaidia vijana hivi kujua wamepata nini huko walikokwenda. Mkianza usiku wa mwisho, mabegi yameshafungwa na mtu anatafuta printa, hapo mmepoteza wino bure.

Kwa wasioijua, Youthpass ipo tangu 2007, inatengenezwa bure kwenye saiti yake, na kila mshiriki wa mradi wa vijana chini ya Erasmus+ au European Solidarity Corps (programu ya Umoja wa Ulaya ya vijana kujitolea) ana haki ya kuipata akiitaka. Taasisi iliyoandaa mradi ndo inaiandaa na kuisaini. Kuna sehemu inathibitisha kwamba ulikuwepo, kuna inayoeleza mradi ulihusu nini, afu kuna ile yenye nyama, ambapo kijana mwenyewe anaeleza kajifunza nini, kwa kufuata maeneo nane ya umahiri ya Umoja wa Ulaya: kusoma na kuandika, lugha nyingine, hesabu na sayansi, dijitali, mambo ya binafsi na kijamii pamoja na kujifunza namna ya kujifunza, uraia, ujasiriamali, na utamaduni. Hakuna mwalimu wa kukupa maksi, hakuna kufaulu wala kufeli, unajipima mwenyewe kwa kuongea na wenzako na viongozi wa kundi.

Na hapo kwenye kuongea ndo uhondo ulipo.

Safari hizi ni fupi, sheria inasema siku 5 hadi 21 bila kuhesabu za kusafiri, na washiriki ni wa miaka 13 hadi 30. Sasa chukua mtoto wa miaka 15 ambaye hajawahi kulala nje ya kwao, mweke siku nane na watu wa nchi nne, kila siku kuna shughuli, kuna michezo, kuna usiku wa tamaduni, kila kitu kinapita mbio. Asipokaa chini jioni akaulizwa, kesho yake kimeshafunikwa na kingine. Ndo maana waandaaji makini wanaweka kikao cha tafakari kila jioni, nusu saa hivi, watu wachache wachache, wa nchi moja au mchanganyiko. Hakuna projekta, hakuna fomu, ni kukaa chini tu na kupiga stori zenye mwelekeo.

Nitoe mfano mmoja niliouona kwa macho. Kuna kijana jioni aliulizwa kajifunza nini akajibu "kufanya kazi na wenzangu", jibu ambalo unaweza kulipata hata bila kumpeleka popote. Mwezeshaji hakumwachia, akamuuliza leo mchana kulitokea nini jikoni. Kumbe zamu ya kupika ilizua ugomvi, kundi moja halielewani na lingine, Kiingereza chenyewe cha kuunga unga, na huyu kijana alichukua karatasi akachora vyungu na majina, nani anaosha, nani anakata, akaizungusha kwa kila mtu mpaka wakakubaliana. Yeye aliona ni kitu cha kawaida kabisa. Ikabidi aulizwe tena na tena: ulijuaje kuchora kutasaidia? Ulimwendea nani kwanza, na kwa nini huyo? Alipokuja kuandika, hakuandika tena habari za kufanya kazi na wenzangu, aliandika kwamba anaweza kupatanisha watu wasioelewana lugha kwa kutumia michoro, na akaeleza alivyofanya. Mtu akienda na sentensi kama hiyo kwenye usaili ana cha kusimulia dakika tano nzima.

Sasa njoo upande wa pili, maana nao upo na ni mwingi tu. Nimewahi kushika vyeti vya mradi mmoja ambao waandaaji wake siwataji, vyote vimekopiwa na kupestiwa aya ileile, koma kwa koma, na katikati ya cheti cha binti mmoja kuna jina la mshiriki mwingine kabisa! Yaani hata aliyesaini hakusoma. Binti mwenyewe aliniambia hajaulizwa lolote, aliletewa PDF kwenye simu akiwa uwanja wa ndege. Hiyo sio shida ya saiti, saiti imeacha nafasi ya kijana kujieleza, ila saiti haina namna ya kujua kama mazungumzo yalifanyika au mtu alijifungia na laptopu akamaliza vyote peke yake.

Lawama yangu kwa Youthpass yenyewe ni lugha. Yale maeneo nane yameandikwa kwa lugha ya ofisi za Brussels, ukimpa mtoto wa miaka 14 aone "umahiri wa uraia" anakukodolea macho. Viongozi wazuri hawaanzi na yale maneno kabisa, wanaanza na matukio, afu mwishoni wanamsaidia kijana kuona tukio lake linaangukia wapi. Wale wa kufuata utaratibu tu wanagawa karatasi yenye maboksi nane na kusema jazeni, na kila mtu anajaza anachodhani kinatakiwa. Pia kuna vijana ambao kuandika sio fani yao, wanajua kuongea, kuchora, kurekodi, na cheti mwishowe kinawapendelea wenye kalamu nyepesi. Afadhali kinaweza kutolewa kwa lugha nyingi, kwa hiyo msiwalazimishe watoto Kiingereza kama lugha yao ipo.

Lingine ni muda. Mambo mengi ya safari hizi yanakomaa mtu akisharudi, anagombana na wazazi kwa namna tofauti, anaomba kujitolea mahali, anaanza kusikiliza habari za nchi ambayo zamani hakujua iko upande gani wa ramani. Youthpass inayofungwa siku ya mwisho haiyaoni hayo. Mimi ningependa taasisi ziwapigie vijana simu baada ya wiki kadhaa, waongee tena, ndo cheti kitoke. Kuchelewa sio dhambi.

Afu tusidanganyane, Youthpass haiokoi safari iliyopangwa vibaya. Tangu 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport alishaeleza kwamba kuwakutanisha watu wa makundi tofauti hakutoshi kupunguza chuki, inasaidia zaidi wakiwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kufanya pamoja, na wakubwa wanaowaunga mkono. Angalia safari nyingi zinavyokwenda: wenyeji wanajua ratiba, wanajua mji, wanajua jikoni, wageni wanaongozwa huku na kule tu. Hadhi sawa iko wapi hapo? Dawa ipo na bajeti yake ipo pia, inaitwa ziara ya maandalizi, viongozi wanakwenda kabla, na inaruhusiwa kwenda na vijana ili wapange ratiba wenyewe. Kuna waandaaji wanairuka wakidai kubana muda. Erasmus+ yenyewe inasema wazi kwamba utalii, tamasha na safari za kimasomo za shule hazihesabiki kama ubadilishanaji wa vijana, lakini nimeona ratiba ambazo ukiondoa matembezi na shopping hakibaki kitu, na hapo hata uandike cheti kwa dhahabu utaandika nini?

Kwa hiyo ukitafuta safari ya kwenda, muulize mwandaaji maswali matatu tu kabla hujajaza fomu: tafakari inafanyika saa ngapi kwenye ratiba, nani anaiongoza na kwa lugha gani, na sehemu ya kujieleza kwenye Youthpass anaandika nani. Akijibu haraka na kwa undani, nenda. Akikwambia "tutaona tukifika", tafuta mwingine, miradi ni mingi.

Na wale mlio nje ya hizo programu mbili, saiti haitawatengenezea cheti, ila njia yenyewe haina hatimiliki. Kikao cha jioni, maswali ya "ulijuaje" na "kwa nini huyo", daftari dogo la kila mshiriki, basi. Karatasi mtatengeneza yenu na muhuri wenu.