Dada wa kazi au kituo cha mchana?

Mzazi wa Mbagala, Dar es Salaam, anayewahi daladala alfajiri ana njia mbili: amwachie mtoto dada wa kazi, au ampeleke kituo cha kulelea watoto mchana. Kwa dada, mtoto analala kitandani kwake, hagombanii uji. Ila mlango ukifungwa, nani anaona?

Kituoni macho ni mengi, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kisajiliwe. Omba cheti ukione. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni, na nani anampeleka chooni. Wakikukataza kuingia bila taarifa, geuza njia. Mimi nachagua kituo, ingawa ada inauma.

Popote alipo, ukihisi anadhurika, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.