Teksi ya bandarini Malindi: walichomfanyia mama yangu njiani kwenda Nungwi

Kama unampeleka mzazi wako Unguja, soma haya kabla boti haijafunga gati Malindi, bandari ya mjini Unguja. Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Miezi imepita, haijapoa, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Dereva teksi alimteremshia mama yangu begi lake barabarani. Mama mwenye magoti mabovu, aliyevuka miaka sabini, jua la saa nane mchana, mahali tusipopajua, hakuna hata kibanda cha kukaa. Sababu ni nyongeza ya pesa ambayo hatukuipatana. Hayo mengine nitakayoeleza yapime mwenyewe, lakini hilo la begi mimi silisamehe.

Safari yenyewe haikuwa ya utalii. Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja Nungwi, kijiji cha kaskazini mwa Unguja, ameoa huko huko, mkewe alikuwa amejifungua, na mama alitaka kumpakata mjukuu. Tulitoka Morogoro kwa treni ya SGR, tiketi shilingi 13,000 mpaka Dar, bei inajulikana, unalipa unapanda. Boti vivyo hivyo: bei ya raia ipo, bei ya mgeni ipo, kila mtu anaiona. Shida yote ilikuwa inatungoja kwenye zile kilomita kama 60 za mwisho, kutoka Malindi hadi Nungwi.

Ukitoka geti la bandari unapokelewa na papasi, wale madalali wa kunasa wasafiri na kuwatafutia teksi. Mmoja alishika mkono wa begi la mama kabla hatujamwambia hata tunakwenda wapi. Akaanza na 150,000. Tukavutana, tukafika 90,000 mpaka mlangoni, Nungwi kijijini, mizigo humo humo. Nikarudia kwa sauti ili pasiwe na maneno baadaye: tisini, mpaka mlangoni. Dereva alikuwa amesimama hapo hapo anazungusha ufunguo kidoleni, na ndiye aliyefungua buti. Papasi akaomba 30,000 kwanza, ya kuweka mafuta. Nikampa. Akaishika, akapotelea kwenye umati.

Gari ilikuwa Alphard, safi, kiyoyozi kizuri, sina la kusema kuhusu gari. Mama alipoketi alimsalimia yule kijana dereva: "Hujambo, baba?" Hakujibu. Alikuwa na simu mkononi, akainua nyusi kwenye kioo, basi. Kuna watakaosema hilo ni dogo. Kwangu si dogo. Watu wa Unguja ninaowajua mimi watakuuliza hali yako, ya nyumbani, ya watoto, ya safari, na bado hamjaanza mazungumzo. Huyu kijana amezaliwa na kulelewa katika adabu hiyo. Kumnyamazia mtu mzima aliyekaa ndani ya gari yako inabidi uamue.

Mama hakusema kitu. Alifurahia njia. Tulipopita Bububu alikuwa anaangalia ile miembe mikubwa ya kando ya barabara, na tulipofika Mahonda akaona miwa, akasema ni kama yupo kwao Turiani, karibu na kiwanda cha Mtibwa. Akawa anatuhadithia alivyokuwa msichana. Nakumbuka nilifurahi sana muda ule, nikasema moyoni safari imejibu.

Tulipopita Kinyasini kijana akapunguza mwendo, akaegesha pembeni, akazima gari. Kiyoyozi kikakata. Nikadhani pancha.

"Dada, tuongee kabla hatujafika. Nungwi dola hamsini."

"Tumepatana elfu tisini, na thelathini nimeshatoa."

"Umepatana na nani? Mie sikuwepo. Hiyo thelathini kachukua yeye, mie sijaiona hata shilingi moja."

"Ulikuwepo. Buti ulifungua wewe."

"Mie nimefungua buti ya gari yangu. Maneno yenu siyajui."

Dola hamsini. Ukizipiga kwa shilingi unakaribia 130,000, mbali na ile 30,000 iliyokwishapotea. Fedha halali ya nchi hii ni shilingi, Bara na Visiwani, na mwaka 2025 zilitoka kanuni za kukataza watu kutaja bei za huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Na hapa ananitajia dola mimi, na mama yangu wa Turiani ambaye hajawahi kuishika dola mkononi.

Mama akauliza kwa upole, "Baba, shida ni nini?"

Akamjibu bila kugeuka: "Bibi, gari hii inakula mafuta. Asiye na pesa hupanda daladala."

Halafu akashuka. Akazunguka nyuma, akafungua buti, akalitoa begi la mama na kuliweka juu ya lami. La mama, siyo langu. Akafuatia kiroba cha mchele wa Ifakara tuliokuwa tumembebea wifi yangu aliyejifungua, akakitupa pembeni ya begi. Nikashuka namfokea, na yeye ananifokea, magari yanapita yanapiga honi. Katikati ya kelele hizo nikaona mlango wa upande wa mama unafunguka. Alishuka peke yake, ameshikilia mlango kwa mikono miwili, akatafuta pa kukanyaga, akasimama juani.

Akamwambia: "Nimekusalimia tangu bandarini, mwanangu. Mpaka sasa hujaniitikia."

Na yule kijana akasema, "Salamu hainunui mafuta."

Hapo ndipo niliponyamaza, maana nilihisi nitafanya jambo baya. Nikampigia mdogo wangu. Akaomba aongee na dereva. Sijui walisemezana nini, nilisikia tu sauti ya kijana inashuka, "ee, ee, sawa bro, sikujua." Hakujua nini? Kwamba bibi kizee ana mtu? Asingekuwa na mtu Nungwi tungelala pale? Hilo swali linanirudia mpaka leo kuliko hata zile pesa.

Akarudisha mizigo. Mama akasema mpe tu chochote tuondoke juani, nikaongeza 20,000. Mwisho wa safari hakutufikisha mlangoni. Lami ilipoisha akasimama, akasema gari yake haiingii mchangani. Vijana wawili wa pale kijijini waliokuwa wanatengeneza nyavu waliacha kazi yao, mmoja akabeba begi, mwingine kiroba, wakatembea taratibu kwa mwendo wa mama mpaka kwa mdogo wangu, na wakakataa hata pesa ya soda. Nawataja ili mtu asiseme nawasema Wanungwi.

Nilipowasimulia watu, wengi waliniambia ningemkumbusha kwamba mimi ni Mswahili mwenzake, kwamba ile ilikuwa bei ya Mzungu. Na mimi mwanzoni nilikasirika kwa sababu hiyo hiyo. Sasa sikubaliani nayo kabisa. Kwani Mzungu akipatana elfu tisini anastahili kuteremshiwa begi Kinyasini? Mwaka 2023 Zanzibar iliingiza watalii zaidi ya 600,000. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, watu wanatoka mbali kuja kuuona, na kwa anayeingia kwa boti wa kwanza kumshika mkono ni papasi. Ubao mmoja tu pale getini, mkubwa, wa shilingi: Nungwi kiasi hiki, Paje kiasi hiki, uwanja wa ndege kiasi hiki. Ubao una gharama gani? Dar nikiita bajaji kwa simu bei naiona kabla sijakaa. Nikishaiona, mimi na dereva hatuna ugomvi, tunaongea habari za mpira.

Siku zote tulizokaa Nungwi nilikuwa nimeshaamua kwamba teksi za Unguja hazifai, zote, na ningeandika hivyo bila kuongeza neno. Kilichoniharibia hukumu yangu ni safari ya kurudi.

Wifi yangu alituitia mzee mmoja jirani yao, ana Noah ya zamani, mlango mmoja unafunguka kwa nje tu. Alikuja baada ya sala ya alfajiri. Akateremka, akaja mpaka barazani. "Bi mkubwa, umeamkaje? Na mwana je, kalala vizuri?" Akaulizia magoti ya mama kabla hatujayataja, kwa kumwona tu anavyosimama. Akavuta kiti cha mbele nyuma mpaka mwisho ili mama anyooshe miguu. Bei alitaja mwenyewe: 80,000 mpaka bandarini. Nilipotaka kumtangulizia nusu alikataa, akasema "mtanipa tukifika, mwanangu, sikimbii." Bububu alisimama akamnunulia mama dafu kwa pesa yake.

Na njiani akanieleza mambo ambayo sikuwa nayajua. Gari si yake. Ana tajiri, na tajiri anataka hesabu kila siku, abiria wapatikane wasipatikane. Masika, hoteli nyingi zinapofunga, anaweza kukaa chini ya mti kutwa nzima bila safari hata moja. Mgeni akiitiwa teksi na hoteli, hoteli nayo ina fungu lake. Bandarini ndiyo usiseme: papasi anapatana bei, anachukua chake kwanza, dereva anaambiwa peleka, na kinachobaki ukitoa mafuta na hesabu ni kidogo sana. "Yule kijana wenu huenda ile thelathini hakuiona kweli," akasema.

Nikanyamaza. Nilimfikiria yule kijana na lile gari zuri ambalo pengine nalo si lake. Nikamwonea huruma, nasema ukweli. Kuanzia Mahonda mpaka karibu na Bububu nilikuwa nimeshaamua kwamba nitaandika habari za papasi na matajiri wa magari, dereva nimwache.

Lakini kadiri nilivyomtazama mzee anavyoongea na mama, huruma ikawa inanitoka. Huyu naye ana tajiri. Naye ana hesabu, masika inampiga, papasi wanamla, na gari yake ni mbovu kuliko ile. Na bado ameuliza mtoto kalala vipi. Ugumu wa kazi unaweza kunieleza kwa nini mtu aombe nyongeza. Angeniambia bandarini, "dada, yule kachukua thelathini yangu, nisaidie," wallahi ningemsaidia. Haunielezi lile begi, wala ile "Asiye na pesa hupanda daladala" kwa mtu wa umri wa bibi yake. Hayo aliyafanya yeye. Hakutumwa na tajiri wala papasi.

Tulipofika Malindi, boti ilikuwa imeshusha watu. Wasichana wawili wa kigeni wamezungukwa, papasi mmoja keshashika begi, anawatajia dola, na dereva amesimama pembeni kimya, vile vile. Nikafungua dirisha niwaambie wahakikishe dereva mwenyewe anatamka bei. Mzee akanishika mkono. "Wacha, mwanangu. Hawa nakula nao hapa."

Nilifunga dirisha kwa heshima yake, lakini niliumia. Mtu mwema kama yule, anayajua yote, amenieleza yote njia nzima, na akifika pale getini anaona wasichana wanaingizwa kwenye shimo lile lile na hawezi kufungua mdomo. Namwelewa. Pia nina hasira naye, na ninajua si haki kuwa na hasira naye.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama teksi za Unguja zinafaa, siku nyingine nasema ndiyo, mtafute mtu kupitia mwenyeji, asikuchukue bandarini. Siku nyingine nikikumbuka mama ameshikilia ule mlango nasema hapana, zote, mpaka bei ziandikwe.

Mama anataka kurudi mtoto akianza kutambaa. Ningependa tupande 116 ya Nungwi, nauli inajulikana na hakuna wa kutusimamisha, lakini magoti yake hayatavumilia kubanana kwenye daladala njia yote ile. Namba ya mzee ninayo. Nitampigia atusubiri mbali kidogo na geti, begi nitalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, na bei ataitamka yeye, mama akisikia.