Go kwa fundi tovuti aliyezoea PHP

Natengeneza mifumo ya mtandaoni hapa Mtwara mjini, na ugali wangu siku zote unatoka kwenye PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Msimu huu wa korosho AMCOS moja (chama cha ushirika cha wakulima) ilitaka mfumo wa kuingizia uzito wa magunia ghalani na kumtumia mkulima ujumbe mfupi. Huo nikauandika kwa Go, lugha ya Google iliyotangazwa mwaka 2009, ambayo lazima uikompaili, yaani uigeuze kuwa lugha ya mashine, ndipo iende.

Kasi ya Go wanaipigia debe mno. Ipo kweli, lakini mkulima wa Newala mwenye mtandao wa kusuasua haioni: muda mwingi unapotelea hewani na kwenye hifadhidata. Tena tangu PHP 7 ya mwaka 2015, lawama kwamba PHP ni nzito imepungua makali.

Kilichonikuna ni faili. Nikikompaili napata faili moja. Naliweka kwenye seva, naliwasha, basi. Sihangaiki seva ina toleo gani la PHP. Laptop yangu ya Windows inatoa faili la Linux kwa kuweka tu GOOS=linux, yaani kuitajia mfumo wa seva, kabla ya kukompaili. Halafu kompaila yenyewe haina masihara. Ukitangaza jina la kuhifadhia thamani, kama uzito, ndani ya function usilitumie, inagoma. Ukipeleka maandishi panapotakiwa namba, inagoma. Inakera, ila heri igome mezani kwangu. Skripti ya PHP inaweza kunyamaza na kosa kama hilo mpaka mstari wenyewe ufikiwe, na karani akaona ukurasa mweupe huku foleni ya magunia iko mlangoni.

Kasoro? Faili hilo ni la mega kadhaa. Kurekebisha mstari wa PHP unapandisha kilobaiti chache kwa bando la simu. Kwa Go unapandisha faili zima upya. Kukwepa hilo, siku hizi natuma msimbo tu, nakompaili kulekule kwenye seva. Hosti nyingi za bei chee, zile za kutumia seva moja na wengine, haziruhusu uache programu yako ikifanya kazi muda wote, kwa hiyo mteja alipie seva yake. Na ile if err != nil, ya kukagua kama kuna kosa, kila baada ya mistari miwili, jamani!

Naipa nyota nne. Mwenye nyumba ya wageni Mikindani aliyenipigia juzi namjengea kwa WordPress, mfumo wa tovuti ulio tayari ambao ni PHP hiyohiyo, maana bei za vyumba atabadilisha mpokezi wake mwenyewe.