Mapazia ya orenji Mwanjelwa: duka nyota nne, fundi wake mbili

Mwezi wa saba Mbeya mnaujua wenyewe, jua linatoka pale ukungu ukijisikia kuondoka, na sebule yangu hapa Soweto ukuta kijivu makochi bluu iliyokolea, yani mgeni akikaa dakika kumi anajikunja. Ndo nikasema mwaka huu naweka orenji.

Ukifika dukani sema orenji tu. Mi nilijifanya najua Kiswahili nikamwambia mama mwenye duka nataka rangi ya chungwa, akaniuliza "la wapi mwanangu, la Muheza?" watu wakacheka, maana kweli machungwa ya Muheza yanaiva matamu na ganda bado kijani, joto la kule haliliachii kugeuka rangi.

Sa kilichonifanya niandike ni hiki. Mwaka jana nilinunua orenji duka lingine silitaji, mle ndani wamejaza taa za njano kitambaa kinawaka balaa, nafika home asubuhi ya ukungu naona kahawia! Nikadhani nimebadilishiwa. Kumbe kahawia yenyewe ni orenji iliyopungukiwa mwanga, ndo maana hii rangi inadanganya kuliko zote, na kurudisha hawakutaki kitambaa kikishakatwa. Huyu mama wa Mwanjelwa yeye jora analitoa mwenyewe hadi mlangoni ulione kwa jua, alafu anakukatia kipande cha kama kiganja bure, "kakiegeshe dirishani, kione asubuhi na kione usiku, ndo uje". Nilichukua vipande vitatu, kile nilichokipenda dukani ndo kilikuwa cha hovyo kuliko vyote nyumbani. Hapo tu nyota nne zake halali.

Bei: 9,000 mita, kitambaa kipana hivo upana wake ndo unakuwa urefu wa pazia. Madirisha yangu mawili mita moja na nusu kila moja, unazidisha mara mbili ili lipate marinda, jumla mita 6, elfu 54. Kushona 15,000. Bitana usiibanie kama dirisha linatazama mashariki, jua la huku juu ni baridi ila kupausha linapausha.

Na kuhusu mvuto wenyewe, jamani inapendeza. Kwenye duara la rangi orenji inakaa upande wa pili kabisa wa bluu, kwahiyo zikikutana kila moja inaisukuma mwenzake mbele, ndo maana hata jaketi za kuokolea maisha ziwani zinakuwa orenji, zionekane kwenye maji. Makochi yangu yaliyokuwa yamenuna sa hivi yanaonekana ya bei. Ila usizidishe! Mi nimeweka mapazia na foronya mbili za mito bas, jirani yangu kapaka na ukuta, ukiingia kwake macho yanaomba ruhusa ya kutoka.

Kwenye kuvaa nilikuwa muoga, nikaanza na sweta la mtumba orenji juu ya jinsi, mume akaniuliza leo naongoza magari wapi. Sikujali, asubuhi ya kijivu ile rangi inakupa sura ya mtu aliyekunywa chai tayari. Kwa ngozi zetu nyeusi inakaa hasa ile iliyokolea kuelekea kutu, ya kung'aa kama reflekta waachie bodaboda.

Haya, fundi. Anakaa kibaraza cha hapohapo, mikono anayo, marinda kayapanga safi, lakini aliniambia Alhamisi nikachukua Jumatatu, na pazia moja ni fupi vidole vitatu kuliko mwenzake, pindo kalikunja mara mbili sijui alikuwa anaongea na simu. Nimempelekea jana. Kaniambia nipitie Alhamisi.