Tiketi ya The Music Man wakati nyota hayupo

Desemba 23, 2021, saa sita mchana, Kathy Voytko aliarifiwa kwamba jioni ile ndiye atakayecheza Marian Paroo, mkutubi na mhusika mkuu wa kike, katika igizo la muziki The Music Man, ukumbi wa Winter Garden, Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo New York. Saa saba akaingia kwenye mazoezi yake ya kwanza kabisa ya nafasi hiyo. Sutton Foster, nyota wa nafasi hiyo, alikuwa amepimwa na kukutwa na UVIKO-19, na maonyesho ya awali, yale ya kabla ya uzinduzi rasmi, yalikuwa yameanza Desemba 20 tu. Onyesho lilipokwisha, Hugh Jackman, nyota mwenzake Foster, aliwaeleza watazamaji hayo yote, akaongeza kwamba Voytko alipofika kazini mchana ule angeweza kuitwa acheze nafasi yoyote kati ya nane.

Tiketi ya usiku wa namna hiyo inastahili bei yake? Swali halijazeeka, ingawa igizo lenyewe lilifungwa Januari 2023, kwa sababu kila igizo kongwe la muziki linapofufuliwa kwa jina la nyota, tiketi za wiki za mwanzo huuzwa kwa bei ya nyota, na wiki hizo ndizo ambazo akiba, yaani waigizaji wa kushika nafasi ya asiyekuwepo, huwa hawajaandaliwa. Jibu letu ni ndiyo, inastahili, ila mnunuzi ajue anachokipata na anachokikosa.

Kwanza tutenganishe majina, maana watu huyachanganya. Akiba wa kawaida yumo ndani ya igizo kila usiku, anaimba na kucheza kwenye kundi, na pembeni amejifunza nafasi ya mkubwa. Stendibai hayumo jukwaani. Anakaa tayari kwa ajili ya nafasi moja au mbili kubwa basi. Mbadala ana siku zake kwenye ratiba, zinatangazwa mapema, kama Donna Murphy alivyokuwa na Jumanne zake kwenye Hello, Dolly! ya Bette Midler mwaka 2017. Halafu yuko swingi, na Voytko alikuwa swingi. Huyu hana nafasi yake mwenyewe. Amebeba njia za watu kadhaa kichwani na kwenye daftari: nani anasimama wapi, anatokea upande gani, anashika kitu gani, anampisha nani. Ukiangalia ukingo wa mbele wa jukwaa la maigizo kama haya utaona namba, sifuri katikati, kisha 2, 4, 6, 8 kwenda kila upande. Daftari la swingi limejaa namba hizo. Mstari huu uko kwenye 4 kulia, beti inayofuata uko kwenye 10 kushoto, ukikosea kwa hatua mbili unagongana na mtu anayerudi kinyumenyume.

Kwa nini wiki ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote? Kwa sababu ya saa za mazoezi. Kabla ya maonyesho ya awali, muda wote wa chumba cha mazoezi ni wa nyota na wenzake. Maonyesho yakishaanza, mchana unatumika kurekebisha kilichokwama jana usiku: mstari umekatwa, mwendo wa ngoma umebadilishwa, kuingia kumehamishwa upande. Mazoezi rasmi ya akiba kwa desturi ya Broadway huanza baada ya usiku wa uzinduzi. The Music Man ilizinduliwa Februari 10, 2022. Voytko aliingia wiki saba kabla ya hapo, akiwa amejifunza kwa kutazama, na kile alichokitazama kilikuwa bado kinabadilika.

Mavazi nayo yana foleni yake. Ya nyota hushonwa kwanza, kwa vipimo vyake, na ya akiba huja baadaye kadiri karakana inavyopata nafasi. Wigi vilevile. Na wigi si urembo tu: maikrofoni ndogo kama punje ya mahindi hukaa kwenye mstari wa nywele juu ya paji la uso, waya ukipita chini ya wigi kwenda kwenye kisambazaji. Wigi lisipokaa sawasawa, maikrofoni inasogea, na sauti inabadilika. Fundi wa sauti naye amezoea kupanda na kushuka kwa sauti ya mtu mmoja. Ndiyo maana dakika za kwanza za akiba mara nyingi husikika chini mno au kali mno, kisha fundi akishampata, mambo yanatulia. Usimhukumu mwimbaji kwa mistari yake ya mwanzo.

Kwenye igizo hili kulikuwa na jambo la ziada. Marian wa igizo la kwanza, mwaka 1957, alikuwa Barbara Cook, soprano, sauti ya kike ya juu kabisa. Foster si sauti ya namna hiyo, na nyimbo zilishushwa ufunguo, yaani ziliwekwa chini zaidi kisauti, zimfae yeye. Okestra haibadilishi ufunguo mchana kwa ajili ya jioni. Karatasi za wapigaji wote zimeshaandikwa. Anayeingia anaimba palipowekwa nyota, hata kama sauti yake inang'aa kwingine. Msikilizaji makini ataona wimbo unakaa chini kidogo kwenye koo la mtu na kudhani amechoka. Hajachoka.

Pengo halisi halionekani katikati ya jukwaa, liko nyuma. Akiba anayetoka kwenye kundi anaacha tundu, na swingi mmoja anaweza kulazimika kuziba matundu mawili kwa wakati mmoja: nusu ya ngoma anacheza njia ya huyu, nusu njia ya yule. Hapo safu ya wanne inakuwa ya watatu na mwenzi mmoja anabaki bila wa kumshika. Kwenye igizo lenye ngoma nyingi kama hili, zilizopangwa na Warren Carlyle, ambalo hata kwenye maktaba vitabu vinarushwa kutoka mkono hadi mkono, jicho zuri litaliona hilo kabla halijaona kosa lolote la Marian. Meneja wa jukwaa anaweza kuchelewesha ishara ya taa sekunde moja kumsubiri mtu, na kiongozi wa okestra akapunguza mwendo. Hizo ni kazi nzuri, si kasoro.

Kuhusu fedha. Chama cha waigizaji cha Marekani kinataka badiliko litangazwe kwa njia mbili angalau kati ya tatu: kikaratasi ndani ya programu, ubao wa ukumbini, au tangazo la sauti. Tangazo la sauti linakuja umeshaketi, na wakati huo kwa kawaida umechelewa. Kanuni iliyozoeleka Broadway ni hii: jina la nyota likiwa juu ya jina la igizo, na yeye hayupo, unaweza kurudishiwa pesa au kubadilishiwa siku, palepale uliponunua, kabla pazia halijafunguliwa. Majina ya Jackman na Foster yote mawili yalikuwa juu. Ukishaketi ukatazama, haki hiyo imekwisha. Aliyenunua kwa mlanguzi atabishana na mlanguzi. London kwa kawaida hakuna marejesho kwa sababu ya akiba, kwa hiyo anayekwenda huko asitegemee.

Malalamiko yetu ni kwa watayarishaji. Desemba ileile, kiongozi wa umoja wa wamiliki na watayarishaji wa Broadway alisema akiba wa maigizo mapya hawaitekelezi nafasi kwa ufanisi kama nyota, kisha akaomba radhi. Pale palipo na upungufu, unatokana na ratiba wanayoipanga watayarishaji wenyewe. Michana mitatu ya mazoezi ya akiba kabla ya onyesho la kwanza, na seti moja ya mavazi ya nafasi kubwa, vingepunguza nusu ya matatizo tuliyoyataja. Siku chache baada ya usiku wa Voytko, Jackman naye alikutwa na virusi, na Desemba 28 maonyesho yakasimamishwa hadi Januari 1; alirejea Januari 6. Juni 2022 alipougua tena, stendibai wake Max Clayton alikuwa tayari na igizo likaendelea. Tangu uzinduzi palikuwa na miezi minne ya mazoezi.

Kwa hiyo, ukinunua kwa ajili ya uso wa nyota tu, usichukue wiki za awali. Chukua tarehe ya miezi miwili baada ya uzinduzi, na ukague kama kuna likizo ya nyota iliyotangazwa. Ukinunua kwa ajili ya igizo, wiki ya kwanza ni nzuri, hata akiba akiingia. Fika dakika arobaini kabla. Soma ubao kabla ya kukabidhi tiketi mlangoni, fungua programu utazame kama kuna kikaratasi, na kama umeamua kurudi, nenda dirishani wakati foleni bado fupi. Ukiamua kukaa, kitunze kile kikaratasi: jina lililomo limejifunza kwa saa chache kile ambacho wengine walipewa wiki kadhaa.