Kigamboni au Bunju: ukajenge wapi?

Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541; ya 2022 ikakuta 5,383,728. Haishangazi basi kwamba wengi wetu tunatafuta viwanja pembezoni, na swali halichoki kuulizwa: Kigamboni, ng'ambo ya bandari, au Bunju, kaskazini mwa jiji?

Usafiri ndio unaoamua mengi. Kigamboni, kwa ramani, ipo jirani kabisa na Posta, katikati ya jiji, lakini katikati kuna maji. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, lina tozo. Pantoni ya Magogoni ina foleni. Piga hesabu ya mwezi mzima kabla ya kufurahia bei ya kiwanja. Bunju ni mbali zaidi, ila Barabara ya Bagamoyo haina kivuko, na daladala zipo.

Kwa maji, Bunju naipa ushindi: bomba kuu la maji kutoka mtambo wa Ruvu Chini linapita upande huo. Kigamboni wengi wamezoea visima, na vingine vina chumvi.

Matunzo? Ukijenga karibu na bahari, kokote kule, chumvi itakula mabati na nondo.

Anayefanya kazi Posta au Kurasini, Kigamboni inamfaa. Wa Mwenge au Tegeta, upande wa Bunju, asihangaike kuvuka. Ila kiwanja chochote, nendeni mkakione wakati wa masika.