Ramani ya Mlima Elgon: nimeuziwa kopi isiyo na mto

Bado nina hasira, mnivumilie. Juzi juzi nilinunua ramani ya Mlima Elgon, ile ya skeli ya 1:50,000, kwenye duka moja Nairobi. Nikalipa bei ya ramani ya rangi. Kuikunjua Kitale, kumbe ni fotokopi nyeusi, tena kopi ya kopi.

Mtu atasema, rangi ya nini? Kwenye ramani halisi vijito ni vya buluu, kontua, ile mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi, ni za kahawia. Vyote vikishakuwa vyeusi, hujui mstari unaojipinda mbele yako ni maji au ni mteremko. Niliweka kidole juu ya Suam, mto unaotoka ndani ya kasoko, lile shimo la volkano kule juu, na kule chini ukawa mpaka wa Kenya na Uganda. Nikaufuata taratibu. Sentimita tatu tu, yaani kilomita moja na nusu, kidole kimeshapanda ukingo wa korongo. Nilikuwa nafuata kontua! Na upande wa magharibi karatasi imekatwa: Wagagai, kilele chenyewe cha mita 4,321, hakipo.

Nikampigia muuzaji. "Mama, mistari si ni mistari? Unataka picha ya kutundika sebuleni?" Akakata simu.

Pesa ningesamehe. Kauli ile siisamehi. Kule juu mvua ikinyesha mchana, kijito ulichokiruka asubuhi jioni hakivukiki. Aliyetuvusha ni mzee wa Kisabaot tuliyekuwa naye, hakuhitaji karatasi yoyote. Bila yeye sijui.

Nilikusudia kuandika kwamba ramani hizi hazifai kabisa. Lakini tuliposhuka, mwenzetu mmoja alitandaza yake ya zamani, ya rangi, imechanika kwenye mikunjo. Nikayaona mabonde tuliyopita, moja baada ya jingine, na kila kijito mahali pake, hata kile chembamba tulichochotea maji. Waliopima mlima ule walifanya kazi ya kweli, na imeniuma zaidi kuona mtu anaiharibu kwa mashine ya kopi.

Kwa hiyo ramani yenyewe naisifu, nimebadilisha mawazo. Duka lile sikanyagi tena. Nimeazima penseli ya buluu nikaanza kuchora Suam upya kwenye kopi yangu kwa kuangalizia ile ya mwenzangu. Nimefika kwenye chemchemi za maji moto. Anayejua pa kupata karatasi halisi ya rangi, Kitale au Eldoret, tafadhali aniambie. Niko tayari kulipa mara mbili.